Tanga Jipya la Matondoni

Sisi tukaao kando ya ziwa Tanganyika twajua maji mapana, lakini hatujui maji yaondokayo. Mvuvi wa Moba au wa Kalemie akiuacha mtumbwi wake ufukoni jioni, asubuhi huukuta pale pale, na maji pale pale. Kweli ziwa letu hupanda, kama lilivyopanda mwaka 2024 hata likaingia katika nyumba za watu huko Uvira na Kalemie. Lakini hupanda kwa mvua za miezi mingi, na kushuka kwake pia ni kwa miezi mingi. Bahari haifanyi hivyo. Bahari huondoka na kurudi mara mbili kila siku, tena kwa saa zake. Leo twataka kuwasimulia habari za watu ambao kazi yao imepangwa na kuondoka huko na kurudi huko, yaani mafundi wa matanga na mabaharia wa visiwa vya Lamu, katika pwani ya Kenya.

Lamu si ugenini kabisa kwetu. Kiswahili tusemacho kilitoka pwani pamoja na misafara ya karne ya 19, kikavuka ziwa, kikafika Maniema na Katanga, nacho kilichukua maneno ya bahari hata mahali pasipo bahari. Kila mtoto wa shule hujifunza kwamba ramani ina kaskazini na kusini. Je, wanafunzi, mwajua maneno hayo yametoka wapi? Kaskazi ni upepo uvumao kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, tangu Desemba hata Machi. Kusi ni upepo wa upande mwingine, tangu Aprili hata Septemba. Mabaharia waliziita pande za dunia kwa majina ya pepo zao, nasi twayaandika majina hayo ubaoni katika madarasa ya Kongo.

Visiwa vyenyewe viko karibu na bara, na bahari iliyo kati yake ni ya maji machache. Kuna Lamu, ambao mji wake wa kale uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, kuna Manda, kuna Pate, kilicho kikubwa kupita vingine, kuna Ndau na Kiwayu. Kati ya visiwa na bara imeota mikoko, miti ile isimamayo kwa mizizi yake ndani ya tope la chumvi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku. Vijito vya bahari hupenya katikati ya miti hiyo, na katika vijito vile chombo hupita asubuhi kikielea, na saa sita baadaye kaa hutembea mahali pale pale kwa miguu.

Maji yakiongezeka, watu wa pwani husema yajaa, yakipungua, yapwa. Toka kujaa hata kujaa tena ni saa 12 na dakika 25, hivyo kila siku maji hukawia kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, nguvu za jua na za mwezi huvuta pamoja, na maji hupanda sana na kushuka sana. Hayo ni maji ya bamvua. Katikati ya nyakati hizo mbili kuna maji mafu, yapandayo kidogo na kushuka kidogo. Bamvua ya Machi ni kubwa kupita bamvua nyingi za mwaka, kwa sababu siku hizo jua liko juu ya ikweta. Hapa Mkristo atakumbuka jambo moja. Kanisa huiweka Pasaka katika Dominika inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au wa baada yake. Basi mwezi uleule unaotuonyesha siku ya Ufufuko ndio unaoyainua maji makuu katika mikoko ya Lamu.

Asiyejua saa za maji hupata hasara, na pengine hupata mauti. Kati ya miaka 1812 na 1814 watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walishuka katika ufuko wa Shela ili kuupiga mji wa Lamu. Wakashindwa, wakakimbilia vyombo vyao. Masimulizi ya Lamu yasema kwamba walikuta bahari imekwisha kupwa na vyombo vimelala mchangani. Hawakuwa na njia ya kwenda mbele wala ya kurudi nyuma, na wengi waliuawa pale pale. Baharia akiachwa hivyo na maji, husemwa kwamba amepwelewa. Mababu wa Lamu walilijua neno hilo kwa damu ya adui zao.

Tulifika katika kijiji cha Matondoni, upande wa nyuma wa kisiwa cha Lamu, mwanzoni mwa mwezi wa Machi. Ni kijiji cha waunda vyombo na wasusi wa mikeka. Chini ya miti ya ufukoni tuliona mashua moja imekwisha kutengenezwa, imepakwa mafuta ya papa, nayo ilikuwa haina tanga. Nahodha wake, kijana wa miaka kama thelathini, alikuwa amepatana kupeleka mabati na mbao katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, kwa ajili ya paa la darasa la watoto. Mvua za masika zilikuwa karibu. Tena Siyu iko ndani ya kijito chenye mikoko. Mashua tupu huweza kuingia siku nyingi, lakini mashua iliyopakiwa mabati huzama zaidi majini, nayo hungojea bamvua. Bamvua ile ikipita bila kusafiri, ilimlazimu nahodha angoje karibu nusu mwezi, na watoto wangoje pamoja naye chini ya paa linalovuja.

Mbona basi tanga halikuwa tayari? Ili tulifahamu neno hili, yafaa kwanza tujue mashua ya maji machache ni chombo cha namna gani. Chombo cha bahari kuu huwa na mkuku mrefu chini yake, ambao hushika maji na kukizuia kisisukumwe pembeni na upepo. Mashua ya Lamu haiwezi kuwa na mkuku wa namna hiyo, maana kila siku inaweza kulazwa juu ya tope, nayo yapasa ikae sawasawa bila kupinduka. Kwa hiyo upepo wa ubavuni huisukuma pembeni kwa urahisi. Mabaharia hupanga magunia ya mchanga upande wa upepo, tena mmoja wao huketi juu ya ubao utokezao nje ya mashua, ili isilale. Lakini dawa iliyo kubwa ni tanga lenyewe. Tanga likishonwa vizuri, huvuta mashua mbele. Tanga lenye tumbo kubwa mno au lenye mikunjo huivuta pembeni, na pembeni ndiko yaliko mafungu ya mchanga.

Kwa mbali tanga hilo laonekana kuwa na pembe tatu. Kwa kweli lina nne, lakini upande wa mbele ni mfupi sana. Upande wa juu, ulio mrefu, hufungwa kwenye foromali, yaani boriti ndefu inayoning'inia mlingotini kwa mshazari. Foromali ikivutwa na upepo hupinda kama upinde. Kwa hiyo fundi hakati upande ule kwa mstari ulionyoka, huuongezea kitambaa kidogo katikati. Akizidisha, tanga litavimba kama mfuko. Akipunguza, litakuwa bapa kama ubao, halitakuwa na nguvu katika upepo mdogo. Kipimo hicho hakikuandikwa popote. Kimo katika macho na vidole vya fundi.

Mzee yule alikuwa amesafisha uwanja wa mchanga, akapigilia vigingi vinne mahali pa pembe nne, akazungusha kamba kufuata umbo la tanga. Ndani ya kamba alitandika mapande ya kitambaa kizito cha pamba, pande hata pande, yakielekea sambamba na ukingo wa nyuma. Tulimwuliza sababu. Alichukua kipande, akakivuta kwa urefu wa nyuzi, hakikunyooka. Akakivuta kwa mshazari, kikanyooka kama mpira. "Upepo hutoka kwa nyuma ya tanga, Mwalimu," alisema. "Mahali unapotokea pasivutike." Kila pande lilipanda kidogo juu ya jirani yake, na mahali pa kupandana palishonwa mistari miwili kwa uzi uliopakwa nta. Sindano ilikuwa kubwa, nene. Nayo ilisukumwa kwa kiganja kilichovikwa ngozi. Mwisho kamba nene ilishonwa katika pindo pande zote, ili ichukue nguvu ambazo kitambaa peke yake kingepasuka nazo.

Kitambaa cha pamba kina historia inayotuhusu. Hapo kale mitepe, vyombo vya pwani hii ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, ilikuwa na matanga ya mikeka. Baharia Mgiriki wa karne ya 1 alikwisha kuandika habari za vyombo vilivyoshonwa pwani yetu. Mitepe ilikwisha katika karne ya 20. Baada ya mapatano ya mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said wa Unguja, wafanyabiashara wa mji wa Salem walileta kwa wingi kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, na watu wakakiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, toka 1861 hata 1865, vilipunguza kitambaa hicho, vikaja vya Uingereza na vya Bombay, jina likabaki. Merikani ilishonwa matanga, tena ilibebwa vichwani na wapagazi hata Ujiji, ikawa fedha ya kununulia chakula. Bibi zetu wa Kongo waliposema "amerikani" sokoni, walitaja kitambaa ambacho ndugu zake walikuwa wakijaa upepo baharini.

Siku mbili kabla ya safari, tanga lilipandishwa kwa kujaribiwa. Upepo ulikuwa kidogo, kama ifaavyo kwa tanga jipya la pamba, ambalo lisivutwe kwa nguvu kabla ya kuzoea umbo lake. Likajaa, likawa jeupe na zuri. Watoto walipiga makofi. Fundi peke yake hakufurahi. Alikuwa ameona mkunjo mwembamba, kama uzi wa kivuli, toka mshono wa tatu hata ukingo wa nyuma. Mshono ule ulikuwa umekazwa kuliko jirani zake.

"Lishusheni," alisema.

Nahodha alimsihi kwa heshima. "Ami, mkunjo ule ni mdogo sana. Upepo ukishika utajinyosha. Na maji ya bamvua hayangoji mtu."

"Maji hayangoji, mwanangu, najua. Lakini mshono huu ukishika upepo wa Manda utakaa hivi hivi, nawe utakwenda pembeni pima moja kwa kila pima mbili za mbele. Utaingia Siyu maji yakitoka. Huko utapwelewa na mabati ya watu."

Tulikuwa tumesimama pale, na kwa kweli tulimhurumia nahodha. Mwenye mzigo alikuwa amekwisha kutuma watu mara mbili kuuliza. Mshono ulikuwa na urefu wa pima nne na zaidi, nao una mistari miwili. Kuufumua na kuushona upya si kazi ya saa moja. Tena tuliona jambo jingine. Kijana mwanafunzi wa fundi, mpwa wake, aliinamisha kichwa. Mshono wa tatu ulikuwa wa mkono wake. Mzee alilijua hilo kuliko sisi sote, lakini hakulisema mbele ya watu. Alimwita tu, "Haya baba, lete kisu kidogo," wakaketi wawili, mmoja huku na mmoja huku, wakaanza kufumua uzi mmoja mmoja bila kukikata kitambaa.

Walifanya kazi hata magharibi, wakaenda kusali, wakarudi na taa. Usiku wa kwanza fundi alishona mstari wa kwanza, na kijana alimshikia taa na kuangalia. Usiku wa pili mzee aliichukua taa yeye, akampa kijana sindano. Kijana alishona mstari wa pili polepole. Mara tatu mjomba wake alisema, "Legeza," wala hakusema neno jingine. Wazazi na walimu wanaosoma habari hii watajua kwa nini tumeiandika.

Tuliondoka alfajiri ya bamvua, saa kumi na nusu, maji yakiwa yamejaa hata mizizi ya mikoko haikuonekana. Nahodha alihesabu hivi: maji yakishuka mita 3, saa ya kwanza hushuka kama sentimita 25, saa ya pili 50, saa ya tatu 75, ya nne tena 75, kisha hulegea, saa ya tano 50, saa ya sita 25. Kwa hiyo mwenye kupita mahali pa maji machache anazo saa mbili za kwanza zenye huruma. Saa ya tatu haina huruma. Upepo wa nchi kavu, wauitao umande, ulitusukuma taratibu hata Mkanda, njia nyembamba iliyo kati ya Manda na bara, yenye mikoko kuume na kushoto. Mahali pengine mabaharia walisaidia kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, ambao pia ndio kipimo chao cha kina. Jua lilipotoka tulikuwa tumekwisha kupita.

Katika ghuba ya Manda kaskazi ilishika kwa nguvu, ikitoka karibu pale pale tulipotaka kwenda. Chombo hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Hulazimika kwenda upande, kisha upande mwingine, na huko huitwa kwenda bisho. Kila mara ya kugeuka, mabaharia huichukua foromali na kuipitisha upande wa pili wa mlingoti, kazi yenye hatari mzigo ukiwa mwingi. Tuligeuka mara nyingi, hata hatukuhesabu tena. Mara moja upepo mkali ulitupiga ghafula, maji yakaruka ndani juu ya mabati, na yule wa ubaoni akalala nje kabisa juu ya bahari. Tulitazama juu. Mshono wa tatu ulikuwa haujulikani katika mishono mingine. Ukingo wa nyuma ulisimama sawa, na mashua ilikata maji kuelekea mbele.

Kwa muda wa maji makavu tulitia nanga nje ya kijito cha Siyu, tukala wali na samaki, tukangoja. Mabaharia walitufundisha kuyasoma maji kwa rangi: yaliyo meupe yana mchanga karibu, ya kahawia yana nyasi au mwamba, ya samawati yana kina. Baadaye maji yalianza kurudi. Kwanza yalikuja kama jasho juu ya tope, kisha kama mto. Sasa upepo ulikuwa nyuma yetu, na tanga nusu lilitosha. Tuliingia kati ya mikoko pamoja na maji, na mwenye upondo alikuwa akiita kina kwa sauti. Mara mbili mkuku uligusa. Mara mbili maji yakatuinua. Tulipofika chini ya ngome ya kale ya Siyu ilikuwa saa kumi na moja jioni, na maji yalikuwa yamesimama, tayari kugeuka. Laiti tungalichelewa saa moja, tungalilala katika tope pamoja na mbu.

Watu walikuwa wakingoja. Watoto wa darasa lile walichukua mabati vichwani, wawili wawili, wakipiga kelele kama ngoma za arusi. Mashua ilipokwisha kupakuliwa, maji yaliondoka chini yake, nayo ikaketi juu ya tope kwa utulivu, kama ilivyoundwa kufanya.

Siku hizi mashua nyingi za Lamu zina mashine, wala hatuwalaumu wenye kuzitumia. Mgonjwa apelekwaye hospitali hawezi kungoja upepo. Lakini mashine nayo hupwelewa mahali pasipo maji, na mafuta yake hununuliwa kwa fedha. Maadamu watu watasafiri kwa tanga, atahitajiwa mtu ajuaye kulikata na kulishona. Naye hapatikani kwa siku moja.

Ninyi vijana mnaojifunza ushonaji, useremala na uashi katika shule zetu, msidhani kwamba mzee yule alifanya kazi kubwa kupita zenu. Ni kazi ya namna moja na yenu. Mshono, kiungo cha mbao, safu ya matofali, vyote hukaguliwa mara moja na macho ya watu, na baadaye hukaguliwa na upepo na mvua, siku ambayo fundi hayupo. Bwana wetu, aliyechagua wavuvi kuwa mitume na aliyekuwa mwenyewe mtoto wa seremala, ajua thamani ya kazi isiyoonekana. Ndugu zetu Waislamu wa Matondoni hawakutuhubiria neno lolote juu ya jambo hilo. Walifumua mshono tu, maji yakiwa karibu kujaa, wakaushona tena.